Angalia ufizi kabla ya kumfunga punda mkokoteni
Wenye punda wa mikokoteni hapa Tabora, hili nimelipata mafunzoni kwa daktari wa mifugo. Simama ubavuni mwa punda, inua mdomo wa juu, bonyeza ufizi kwa kidole gumba mpaka upauke, kisha achia. Rangi irudi ndani ya sekunde 2. Ikichelewa, au ufizi ukinata badala ya kuteleza, damu haizunguki vizuri, mara nyingi kwa kukosa maji: mpeleke kivulini, mpe maji, mwite daktari. Punda anavumilia mno jamani, kwa nje utamwona mzima kabisa. Ufizi mweusi hauonyeshi kitu, tafuta palipo na rangi ya waridi. Na akiwa ametoka kunywa, unyevu wa mdomo usiuamini, hesabu sekunde tu.