Kukiwekea fremu ya mbao kioo cha bafuni bila kukibandua ukutani

Kioo cha bafuni kisicho na fremu huanza kupata madoa meusi pembeni, kwa sababu maji hupenya ukingoni na kula fedha iliyopakwa nyuma yake. Fremu haiyaponyi madoa hayo, bali huyafunika. Mwezi uliopita nilimsaidia shemeji yangu wa Kiboriloni, hapa Moshi, kukiwekea chake.

Hatua ya kwanza ni mbao. Mimi huchagua saiprasi kavu, yenye upana wa sentimita 6 na unene wa milimita 15, kwa kuwa mkaratusi hujipinda na mninga ni mzito mno kwa kioo kilichoshikwa na gundi tu.

Hatua ya pili ni vipimo. Fremu na izidi kioo kwa milimita 3 kila upande; hivyo kioo cha sentimita 60 kwa 90 kitahitaji vipande vya sentimita 60.6 na 90.6, vikipimwa kwenye ukingo wa nje.

Hatua ya tatu ni kukata kona za digrii 45, na hapa ndipo nilipopoteza siku nzima. Kona tatu ziliungana barabara, lakini ya nne ilibaki na mwanya wa kupitisha njiti ya kiberiti. Kisanduku changu cha kukatia kona, ambacho ni cha plastiki, kilikuwa kimelika mifereji yake na msumeno ukawa unacheza ndani. Kosa la nusu digrii halionekani kwa macho. Fremu, hata hivyo, ina mikato minane, na makosa yakielekea upande mmoja hukusanyika kwenye kona ya mwisho yakawa digrii 4. Kwa hiyo, kata kwanza vipande viwili vya mabaki, viunganishe, kisha vipime kwa skwea kabla ya kugusa mbao yenyewe. Tumia kisanduku cha mbao na msumeno wa meno madogo. Grenda siikubali kwa kazi hii, kwani huunguza mbao na ni hatari mkononi. Acha milimita moja ya ziada, uimalizie kwa randa kali, kisha laza pamoja vipande vinavyotazamana na upitishe kidole kwenye ncha zake: ukihisi ngazi, hata ndogo kama unene wa karatasi, havijalingana na kona hazitafunga. Mbao iliyonunuliwa wakati wa masika ikae ndani wiki tatu kwanza, kwa sababu ikikauka hupungua upana lakini karibu haipungui urefu, na kona iliyokuwa sahihi huachia upande wa ndani. Fila haitaficha mwanya huo kwa muda mrefu.

Unganisha kona kwa gundi ya mbao, piga msasa, kisha paka vanishi pande zote. Usisahau ukingo wa ndani wa upande wa nyuma, maana kioo huuakisi, na mbao nyeupe isiyopakwa itaonekana kila unaponawa uso.

Hatua ya mwisho ni kubandika. Safisha kioo kwa spiriti, tumia silikoni isiyo na asidi, wala usitumie ile yenye harufu ya siki, kwani mvuke wake huharibu fedha ya kioo. Hakikisha kwa pima maji kwamba fremu imenyooka, ishikilie kwa tepu saa 24, kisha ziba juu na ubavuni. Chini ninaacha wazi, ili maji yatakayoingia yapate pa kutokea.