Kusimamisha nguzo za ua kwa zege: anza na udongo

Pita Ruai au Syokimau, viungani mwa Nairobi, mvua ya masika ikiisha, utaona nyua zilizolala upande na zege ikiwa imeng'ang'ania nguzo vilevile. Zege haikuvunjika, ila udongo ulisogea. Ndiyo maana nasisitiza: kabla ya kununua saruji, chimba shimo moja utazame ardhi yako.

Kabete na Runda udongo ni mwekundu, umetulia. Nguzo ya mita 2.4 ikiingia sentimita 60 inasimama vizuri. Embakasi, Ruai na Kitengela mambo ni mengine. Udongo mweusi wa huko hufura ukilowa, na kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mkono. Ukifura huibana zege na kuisukuma juu; ukikauka huiacha ikichezacheza. Huko nunua nguzo ndefu zaidi, uzike hadi sentimita 90.

Hatua ya kwanza ni mstari. Pigilia vigingi kwenye kona, vuta uzi, weka alama kila mita 2.5 hadi 3.

Hatua ya pili ni shimo, na hapa usimwachie kibarua peke yake. Upana uwe mara tatu ya nguzo: nguzo ya sentimita 10, shimo la 30. Chimba kwa mtaimbo, kuta ziwe wima. Kwenye udongo mweusi panua kitako cha shimo kiwe kipana kuliko mdomo. Watu wengi hufanya kinyume: mdomo mpana, chini pembamba. Zege ikikaa hivyo, udongo ukifura huishika mabegani na kuinyanyua, nguzo na yote.

Ya tatu, kwa nguzo ya mti, mwaga kokoto sentimita 10 chini na uisimamishe juu yake. Ikikaa ndani ya kikombe cha zege, maji hayana pa kutokea na itaoza.

Ya nne, changanya karai moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto. Koroga kavu kwanza, ndipo utie maji kidogo kidogo. Zege nyepesi kama uji ni rahisi kumwaga, lakini ikikauka ni dhaifu. Mfuko wa kilo 50 unatosha mashimo matatu hivi ya sentimita 60.

Ya tano, simamisha nguzo kwa pima maji, pande mbili, uiegemeze kwa mbao. Mwaga zege kwa awamu ukiishindilia kwa fimbo hewa itoke. Juu, inyanyue kidogo kuliko ardhi na uiteremshe pande zote, maji yasituame shingoni mwa nguzo. Ndipo pima tena wima wake, kwa sababu kushindilia huisogeza.

Maswali ya wanachama

Fundi, nguzo zangu ni za mkaratusi zilizotiwa dawa, nimezikata zilingane. Upande gani uingie chini?

Usiokatwa. Dawa hukolea tabaka la nje, kwa hiyo ukikata unawafungulia mchwa moyo wa mti. Uliokatwa ukae juu, na uupake dawa ya mbao.

Vibarua wanataka kumwaga mchanganyiko mkavu shimoni halafu watie maji. Ni sawa?

Hapana, ndugu yangu. Kwa mchanga na kokoto za kawaida maji hayatafika kila mahali, utabaki na unga katikati. Wakoroge nje.

Nivute wavu baada ya siku ngapi?

Saba, na siku hizo zote uinyweshe zege maji, hasa jua likiwa kali. Nguvu yake kamili huhesabiwa siku ya 28. Nguzo za kona ndizo zinazobeba mvuto wote wa wavu, kwa hiyo zizike zaidi na uzitie mihimili ya mshazari pande zote mbili wavu unakoelekea.

Mvua za Oktoba zimekaribia na mashimo yangu tayari yako wazi. Nifanye nini, fundi?

Yafunike kwa mabati, dada, na uzungushie matuta maji yasiingie. Shimo likishanyeshewa, usimwage zege juu ya tope. Chota maji, kwangua kuta na kitako hadi ufikie udongo mgumu, kisha umwage siku hiyohiyo. Kuanzia hapo chimba mashimo ya kumwagwa kwa siku moja tu.