Kutoka Specialist Hadi Sajenti Katika Jeshi la Nchi Kavu la Marekani

Mkenya au Mtanzania mwenye shahada akijiunga na jeshi hili kama askari wa kawaida, mara nyingi huanza na cheo cha Specialist (E-4). Hadi hapo vyeo huja karibu vyenyewe, muda ukitimia. Sajenti (E-5) hugombewa kwa alama, na kiwango cha juu ni 800.

Kwanza ongea na sajenti anayekusimamia, kwani jina lako huanzia kwake kabla ya kufika kwenye bodi ya kupandisha vyeo. Muda wako wa utumishi ukitimia na hujapendekezwa, omba uelezwe kwa maandishi unachopungukiwa.

Bodi ni ya masajenti waandamizi, na kwa kawaida sajenti meja wa batalioni ndiye mwenyekiti. Haitoi alama: inakubali au inakataa. Lafudhi haimwangushi mtu, humwangusha kubabaisha. Usilolijua, sema hulijui, kwa sauti inayosikika.

Kazi kubwa ni alama zenyewe. Bunduki hupimwa kwa shabaha 40: ukipiga 23 umefaulu, 36 na kuendelea wewe ni mlengaji wa daraja la juu, na kila shabaha ina uzito. Mtihani wa mazoezi una vipengele vitano, jumla 500. Zilizobaki hutoka kwenye medali, kozi za kijeshi na masomo ya chuo. Hapa ndipo wenzetu wanapopoteza nyingi: shahada ya Nairobi au Dar es Salaam haihesabiwi mpaka itathminiwe na taasisi ya Marekani inayotambulika, kisha iingizwe kwenye rekodi yako. Cheti kilicho kabatini ni sifuri. Kagua rekodi kila mwezi, maana kila mwezi hutangazwa alama za kikomo, yaani za chini kabisa zinazotakiwa ili kupanda, kwa kila fani (kazi ya askari jeshini). Fani iliyojaa huweza kudai 798, yaani mlango umefungwa. Yenye upungufu huchukua hata wenye alama chache.

Halafu kuna BLC (Basic Leader Course, kozi ya msingi ya uongozi), kozi ya siku 22 ya kuandika, kuhutubia, kuongoza mazoezi na gwaride. Bila kuimaliza hupandi, hata alama zikitosha. Wengine huipoteza nafasi hiyo kwa uzito tu. Ukizidi kiwango cha mafuta mwilini, au ukianguka mtihani wa mazoezi, jina husimamishwa mpaka urekebishe.

Mwenye green card anaweza kuwa sajenti, ila fani zinazohitaji kibali cha kufikia taarifa za siri zinataka uraia. Peleka maombi ya uraia mapema.