Kumjua mwizi wa besi hasa: hesabu ya kocha kwa jedwali na uwanja

Katika besiboli, kuiba besi ni mkimbiaji kukimbilia besi (kituo) inayofuata bila kungoja mwenzake apige mpira. Jedwali la besi zilizoibwa hupangwa kwa safu ya SB, yaani mara mchezaji alizofanikiwa kuiba. Msimu wa 2024 nchini Marekani, Elly De La Cruz wa Cincinnati aliongoza kwa 67, akifuatiwa na Shohei Ohtani wa timu ya Dodgers mwenye 59. Usiishie hapo. Tazama safu ya CS, mara alizonaswa akiiba: De La Cruz 16, Ohtani 4.

Sasa zidisha CS kwa 2, utoe kwenye SB. Tunazidisha kwa 2 kwa sababu anayenaswa hupoteza vitu viwili: mkimbiaji aliyekuwa tayari kwenye besi, na auti (kutolewa) moja kati ya tatu ambazo zikiisha, zamu ya timu kupiga huisha. De La Cruz anabaki na 35, Ohtani 51. Katika misimu ya zamani ya Marekani, Rickey Henderson aliiba 130 mwaka 1982, lakini alinaswa mara 42, kwa hiyo anabaki na 46. Vince Coleman, mwaka 1985, aliiba 110 na kunaswa 25. Anabaki na 60, na huyo ndiye wa kuwaonyesha vijana. Hata hivyo misimu hailingani moja kwa moja: tangu 2023 upande wa besi umeongezwa kutoka sentimita 38 hadi 46, na mrushaji (anayemrushia mpigaji mpira) akishamgeukia mkimbiaji mara mbili bila kumtoa, jaribio la tatu lisipozaa auti mkimbiaji anapewa besi.

Katika daftari la timu yako, makosa huingia hapa: wawili wakiiba pamoja na mmoja akatolewa, yule mwingine haandikiwi SB. Mpira ukimponyoka mdakaji (anayeudaka nyuma ya mpigaji) ndipo mkimbiaji akaondoka, hiyo si besi ya kuiba.

Uwanjani, usiwafundishe watoto mwendo wa Ohtani. Kwa wakubwa, mkimbiaji hujisogeza mbali na besi kabla mpira haujarushwa. Kwa kanuni za Little League, besiboli ya watoto, za umri wa hadi miaka 12, zile walizochezea watoto wa Lugazi, Uganda, kule Williamsport, Marekani, mwaka 2012, haruhusiwi kuachia besi mpaka mpira umfikie mpigaji. Akiwahi, atarudishwa. Kwa hiyo kasi ya mrushaji haihesabiki. Unapima vitu viwili tu.

Pima kwa tepu mita 18.29 kati ya besi ya kwanza na ya pili. Mtoto asimame mguu wa kushoto ukikanyaga ukingo wa besi, magoti yamekunjwa, macho kwenye glavu ya mdakaji. Washa saa ya simu mpira unapogonga glavu, zima mguu wake unapogusa besi ya pili. Kisha mpime mdakaji: kutoka mpira kugonga glavu yake hadi kutua kwenye glavu iliyo besi ya pili. Kila mmoja mara 3, chukua muda wa katikati. Mdakaji akiwa na muda mfupi kuliko mkimbiaji, mtoto asubiri mpira udunde chini au umponyoke mdakaji, ndipo aondoke.

Besi ya gunia isiyofungwa kwa vigingi huteleza mtoto anapoiserereka, na kifundo cha mguu huumia. Igongomee kwanza. Na baada ya mvua pima upya, maana kwenye murram yenye tope hatua ya kwanza hupotea, na muda wa jana hauna kazi.