Rufaa ya jinai iliyopitwa na muda: hatua nilizopita na mama mmoja wa Bahi

Alikuja na mfuko wa rambo, ndani mna hukumu ya mwanawe iliyokunjwa mara nne. "Mwanangu, huyu kafungwa kwa kosa la mwenzake." Kijana yuko gereza la Isanga, hapa Dodoma. Mimi ni msaidizi wa kisheria, mahakamani sisimami, lakini karatasi nazijua.

1. Omba nakala za mwenendo wa shauri (kumbukumbu ya yaliyosemwa mahakamani) na hukumu, kwa barua. Peleka barua mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo. Picha ya WhatsApp si muhuri.

2. Hesabu siku. Toka Mahakama ya Wilaya kwenda Mahakama Kuu, kusudio la rufaa (taarifa kwamba mtakata rufaa) ni siku 10, rufaa yenyewe 45, ukitoa muda wa kusubiri nakala. Mfungwa hupitishia kwa mkuu wa gereza. Mkiwa ndani ya muda, rukeni hatua ya 3.

3. Ombi la kuongezewa muda. Hapa ndipo nilipowahi kuumbuka. Mahakama haitaki kusikia kwamba familia ni maskini. Inataka kila siku ya kuchelewa ielezwe, hata ikiwa moja. Kwa hiyo nunua daftari (simu huzima) na uandike mstari kwa kila tarehe: barua ilipelekwa lini, nakala zilitoka lini, zilifika gerezani lini, kijana aliweka dole gumba lini. Pengo la wiki mbili lisilo na maelezo linaweza kuua ombi zima.

Hati ya kiapo, yaani maelezo ya kuapiwa yanayoambatana na ombi, ibebe mambo anayoyajua mwapaji mwenyewe. Akisema "askari magereza aliniambia nakala hazijafika", askari huyo naye aape, la sivyo ni maneno ya kusikia. Hoja za kisheria zisiingie humo. Kisha tazama mwisho kabisa, pale kwa Kamishna wa Viapo: mahali na tarehe ya kuapa vipo? Ombi langu la kwanza, miaka ya nyuma, liliondolewa kwa sababu tarehe haikujazwa. Niliisoma hati ile mara tano, na mara zote tano niliishia kwenye sahihi.

4. Sababu za rufaa. "Nimeonewa" haisaidii. Kwa kijana huyu shahidi alimtambua usiku, basi tukauliza: taa gani, mwanga kiasi gani, umbali gani, alimwangalia kwa muda gani? Taja ukurasa wa mwenendo.

5. Ukishindwa, nenda Mahakama ya Rufani. Nayo ikishaamua, unaweza kuiomba iangalie upya hukumu yake ndani ya siku 60, ila kwa sababu chache mno, kama kosa linaloonekana wazi kwenye kumbukumbu za mahakama au kunyimwa nafasi ya kusikilizwa. Si rufaa ya pili.

Mama aliulizia pia msamaha, kama ule wa Desemba 9, 2017 uliotangazwa hapa Uwanja wa Jamhuri. Upo, Ibara ya 45 ya Katiba. Lakini Rais huondoa adhabu. Hasemi kwamba kijana hakutenda. Mama akakunja karatasi zake, akaniuliza basi la mwisho la Bahi linaondoka saa ngapi.