Chupa zote zimekataa: kumwongezea damu mgonjwa ambaye mwili unavunja damu yake wenyewe

Usiku wa manane, hemoglobini 3.8, macho manjano, mkojo kama chai ya rangi. Umeshajaribu chupa sita za kundi lake, zote zinashikana: seli za chupa zikichanganywa na plazima yake zinaganda mafungu. Acha kuhangaika na ya saba. Kingamwili (protini za kinga) za mgonjwa huyu zinashika karibu seli nyekundu za kila mtu, hata zake.

Hatua ya 1. Mhoji kabla hujagusa mashine. Amewahi kuongezewa damu? Lini? Mimba ngapi, na zilizoharibika je? Hapa ndipo tunaporuka sana. Kingamwili inayokataa kila chupa inatutisha bure; ya kuogopa ni ile iliyojificha nyuma yake, iliyoachwa na mimba au damu ya zamani. Hiyo huvunja damu ngeni kwa kasi.

Hatua ya 2. Chukua sampuli ya kutosha, kifuniko cha zambarau, kabla ya kuongeza chochote. Pima ABO, Rh na Coombs ya moja kwa moja (kipimo kinachoonyesha kingamwili zilizoshika seli nyekundu zake). Ukiweza, ongeza C, c, E, e na Kell, alama nyingine za seli nyekundu.

Hatua ya 3. Nyonya kingamwili zinazokataa kila chupa kwa seli zake mwenyewe (zichanganye na plazima yake zizishike, uzitoe), kisha chunguza plazima inayobaki kama ina ile iliyojificha. Ila akiwa ameongezewa damu ndani ya miezi 3, usizitumie: seli za mchangiaji zilizomo zitanyonya na ile unayoitafuta. Huna vifaa? Peleka maabara kubwa.

Hatua ya 4. Damu iingie polepole, chupa moja kwanza, muuguzi asibanduke dakika 15 za mwanzo. Steroidi, dawa za kutuliza kinga ya mwili, zianze mapema. Huchukua siku kadhaa kufanya kazi.

MASWALI

Fomu imeandikwa "haikubaliani", daktari anagoma kusaini. Nifanyeje?
Mpigie, mweleze. Mgonjwa akiwa anakata roho, damu ya ABO sahihi hainyimwi kwa sababu hiyo.

Damu nipashe moto?
Kwa kingamwili za baridi tu (zile zinazoshika seli kwenye ubaridi), na kwa kifaa chake. Ndugu zangu, si kwenye beseni la maji ya moto! Mgonjwa naye afunikwe blanketi.

Kadi ya kliniki inasema O, mimi napata AB. Nani kakosea?
Huenda hakuna. Seli zake zinashikana zenyewe, na kipimo husoma huko kushikana kama A na B. Zioshe kwa salaini ya vuguvugu, 37, upime upya. Hali ikiwa mbaya kabla hujapata jibu, toa seli za O.