Kuboresha breki za Land Cruiser pikapu ya zamani: anzia nyuma

Mwongozo huu ni wa Land Cruiser HZJ75, zile mkonga zenye injini ya 1HZ, diski mbele na dramu nyuma. Nyingi zimeshaongezewa springi, bodi la chuma na matairi makubwa, halafu zinashushwa mteremko mkali wa Kitonga na mzigo kamili kwa breki zilezile zilizotoka nazo kiwandani. Mwenye gari akifika gereji huwa ameshaamua anachotaka: masta silinda kubwa (ile inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedali) na diski za matundu mbele. Mimi huanzia kwenye ekseli ya nyuma, maana hapo ndipo nusu ya breki zake zilipopotelea.

Hatua ya 1: Pima busta

Zima injini. Kanyaga pedali mara nne au tano mpaka iwe ngumu, ishikilie hapo chini, kisha washa. Ikizama kidogo chini ya mguu, busta, kile kifaa kinachotumia vakyumu kuusaidia mguu wako, inavuta. Isipozama, usikimbilie kununua busta nyingine. Injini ya dizeli haitoi vakyumu kama ya petroli, kwa hiyo 1HZ ina pampu ndogo ya vakyumu iliyofungwa nyuma ya alteneta na kulainishwa kwa oili ya injini. Nimeona gari lililobadilishiwa alteneta likafungwa isiyo na pampu, dereva akabaki kusukuma breki kwa nguvu za paja. Kagua pampu, mpira wake wa kwenda kwenye busta kama umepasuka, na valvu ya njia moja iliyo kwenye mpira huo.

Hatua ya 2: Valvu ya mzigo

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi. Juu ya ekseli ya nyuma, kwenye chasisi, kuna valvu yenye mkono mrefu ulioungwa na ekseli. Gari likibeba mzigo chasisi hushuka, mkono hupanda, na valvu huruhusu shinikizo zaidi kwenda nyuma. Gari likiwa tupu, hupunguza shinikizo ili matairi ya nyuma yasijifunge.

Sasa umeongeza majani mawili ya springi na chasisi imenyanyuka. Hata ukipakia tani, valvu bado inaona gari tupu. Breki za nyuma zinafanya kazi nusu, za mbele zinabeba yote, zinachemka. Kisha unaambiwa diski zako ni ndogo.

Kwanza hakikisha valvu haijaganda kwa tope na kutu. Mkono uchezeshe kwa mkono wako. Halafu pima chasisi imenyanyuka kiasi gani kuliko zamani, na unyanyue kishikio cha chini cha ule mkono, kile cha kwenye ekseli, kwa kiasi hicho hicho, kwa bamba la chuma lililofungwa kwa bolti. Usiuchomelee mkono wenyewe. Usiitoe valvu na kuunga paipu moja kwa moja, kama wafanyavyo baadhi ya mafundi: siku ya mvua, gari likiwa tupu, mkia utakutangulia.

Jaribu kwenye changarawe mahali pa wazi, gari tupu, mwendo mdogo. Ukikanyaga kwa nguvu, matairi ya mbele ndiyo yatangulie kujifunga. Ya nyuma yakitangulia, teremsha kishikio kidogo.

Hatua ya 3: Dramu

Weka gari kwenye stendi imara, si jeki peke yake. Ukifungua dramu usipulize vumbi kwa kompresa. Bitana za zamani, yale mapande yanayosugua dramu, huenda zina asbesto, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Lowesha kwa maji, futa.

Nyuma ya kila bamba la breki kuna kikono kidogo cha chuma kinachovutwa na kebo ya handbreki. Hunaswa na tope na kuganda. Kikiganda, handbreki inakufa, na kile kirekebishaji kinachosogeza bitana karibu na dramu nacho hakisogei. Hapo pedali inakuwa ndefu na watu wanaanza kutoa upepo usiokuwepo kwenye mafuta ya breki. Vitoe vikono, visugue, vipake grisi, virudishe. Bitana zenye oili hazioshwi kwa petroli zikapona: badilisha sili ya ekseli, kisha badilisha bitana.

Hatua ya 4: Mipira ya breki

Gari lililonyanyuliwa linahitaji mipira mirefu zaidi. Ekseli ikining'inia, mpira usivutike hata kidogo. Mpira wa zamani huvimba ndani: mafuta hupita ukikanyaga, hayarudi ukiachia, na gurudumu moja linachemka bila sababu inayoonekana. Mipira iliyosukwa kwa waya wa chuma ni uboreshaji wa bei nafuu unaousikia mguuni siku hiyohiyo.

Hatua ya 5: Diski na kalipa za mbele

Legeza kalipa, ile inayobana pedi kwenye diski, ifunge kwa waya kwenye springi. Isining'inie kwa mpira wake. Toa friwili habu, kile kifaa cha katikati ya gurudumu la mbele kinachouunga shafti na gurudumu. Zile wosha za koni hazitoki kwa bisibisi: gonga ncha za stadi kwa kipande cha shaba mpaka ziruke. Toa klipu ya ncha ya shafti, kisha nati ya nje, wosha ya kufungia na nati ya ndani. Tumia soketi ya milimita 54. Patasi na nyundo zinaharibu nati na kuacha vipande vya chuma kwenye beringi.

Diski imefungwa kwa bolti nyuma ya habu. Sugua kutu yote pale inapokaa, maana kipele kidogo cha kutu kitafanya pedali itetemeke. Unene wa mwisho unaoruhusiwa umeandikwa kwenye diski yenyewe. Ikiwa karibu na hapo usiipeleke kuchongwa, nunua mpya. Zenye mifereji ninazikubali kwa gari la matope. Zenye matundu siziweki kwenye gari la mzigo, huanza kupasuka kwenye matundu.

Kaza nati ya ndani huku ukizungusha habu ili beringi zikae, ilegeze, kisha ikaze tena kidogo tu. Habu izunguke bila kucheza.

Pistoni za kalipa zikiwa na kutu, badilisha. Sili za mpira zipake mafuta ya breki au grisi maalumu ya mpira. Petroli, dizeli na grisi ya kawaida huzivimbisha.

Hatua ya 6: Masta silinda, ikiwa bado unaitaka

Ukitoka kipenyo cha inchi 7/8 kwenda inchi 1, eneo la pistoni linaongezeka kwa takriban asilimia 30. Kwa nguvu ileile ya mguu, shinikizo linashuka karibu robo. Pedali inakuwa fupi na ngumu, dereva anasifu, lakini gari linasimama vibaya zaidi. Masta kubwa ina maana pale tu umeweka kalipa zenye pistoni kubwa, na iende pamoja na busta yenye nguvu zaidi.

Hatua ya 7: Mafuta na upepo

Tumia DOT 4. Ikiwa mpya huchemka kuanzia nyuzi 230, DOT 3 kuanzia 205. Zikishanyonya maji, viwango vya chini ni 155 na 140. Ndiyo maana mafuta ya miaka mitano yanakata breki katikati ya mteremko. DOT 5 ni ya silikoni, usiichanganye na hizi.

Kwa gari la usukani wa kulia, toa upepo nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Valvu ya mzigo ikiwa na nipo yake ya kutolea upepo, usiisahau.

Hatua ya 8: Zoesha pedi

Barabara tupu, kilomita 60 kwa saa, punguza mpaka 10 bila kusimama, rudia mara kumi hivi ukiacha nafasi zipoe. Kisha endesha kilomita chache bila kukanyaga breki, egesha, na sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Rimu mbili za mbele zilingane joto, na za nyuma ziwe za vuguvugu. Zikiwa baridi kabisa, rudi hatua ya pili.